Muulize Mama Kaseti: Usiku wa Tarumbeta Johannesburg

SWALI: Shikamoo Mama Kaseti. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, nina miaka 44. Toleo lililopita, ukimjibu mtu aliyeuliza habari za spika, uliandika kwa kupita tu kwamba uliwahi kuwaona U2, bendi ile ya rock ya Ireland, jukwaani Johannesburg. Mstari mmoja, kisha ukaendelea na spika zako! Mama, mimi bendi ile nimeipenda tangu kidato cha pili, na sijawahi kukutana na mtu wa huku kwetu aliyewaona kwa macho yake. Mdogo wangu anaishi Johannesburg. Ameniahidi kwamba siku wakirudi huko tiketi ni juu yake, nauli juu yangu. Sasa naomba kujua: usiku ule ulikuwaje? Walipiga kama kwenye kaseti? Siku hizi naona vipande kwenye simu, sauti ya mwimbaji imeshuka, na ninaogopa kutoa pesa ya mtaji nikaenda kuharibu kitu ninachokipenda.
Msomaji wa Mwaloni, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeitoa ile kaseti yenyewe kabatini nikaiweka mezani ndipo nikashika kalamu. Mstari uliouona niliuacha mfupi kwa sababu habari hii nikiianza sijui kuikatisha. Leo mhariri amenipa nafasi, basi nitakusimulia.

Mwaka 1988 nilikuwa na miaka 21, namsaidia mjomba kwenye kiduka chake Makoroboi. Nyumba ya pili kutoka kwetu, Mabatini, alipanga mwalimu wa kujitolea kutoka Ireland, alikuwa akifundisha fizikia sekondari. Mkataba wake ulipokwisha aligawa vyombo vyake kwa majirani. Mmoja alipata sufuria, mwingine chandarua, mimi akanipa kaseti ya TDK ya dakika 90. Ilikuwa ya kurekodiwa, haina karatasi, haina orodha ya nyimbo. Juu yake ameandika kwa kalamu ya wino herufi moja na tarakimu moja: U2. Nilidhani ni namba ya kaseti, kwamba mahali fulani anayo U1.

Majina ya nyimbo zile sikuyajua kwa miaka mingi, kwa hiyo nilizipa ya kwangu. Kulikuwa na Wimbo wa Treni, kwa jinsi gitaa linavyoanzia mbali sana likija, likija, mpaka linakupitia. Kulikuwa na Wimbo wa Mvua. Kulikuwa na Wimbo wa Kengele. Na ule wa nne upande A niliuita Kwaya, na huo sikuusikiliza. Mimi nimelelewa katika kwaya, Jumatano mazoezi, Ijumaa mazoezi, Jumapili ibada mbili, na katika umri ule nilitaka kitu kisichofanana na kwaya hata kidogo. Wimbo wa tatu ukiisha nachomoa kaseti, nachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu lake, nazungusha mizunguko zaidi ya mia, narudisha kaseti, wimbo wa tano unaanza. Hivyo betri hazikuisha upesi. Mkono wangu uliijua idadi ya mizunguko bila kuhesabu.

Baba alikuwa mtu wa dansi. Western Jazz na mtindo wao wa Saboso, halafu Mlimani Park na Sikinde yao, hizo ndizo zilizokuwa bendi kwake. Siku moja alikaa akaisikiliza kaseti yangu upande mzima, kwa heshima, mikono magotini. Ilipokwisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, wapuliza tarumbeta wamekwenda wapi?" Nikamwambia hawana. Akasema, "Basi hawajafika wote." Lishike neno hilo la baba, nitalirudia.

Baadaye nilifungua duka langu mwenyewe la kaseti, ndilo lililonipa jina hili. Liliniendesha vizuri, likanisomeshea watoto wawili. Kisha zikaja CD, zikaja simu zenye muziki ndani, na kufikia mwaka 2010 nilikuwa nauza kaseti mbili kwa wiki, zote za mahubiri. Nikalifunga. Mashine ya kurekodia nikauza, friza ya soda nikauza, na pesa ile nikaiweka kando bila kujua ni ya nini. Mwezi mmoja baadaye kaka yangu alinipigia simu kutoka Lusaka. Yeye alikuwa dereva wa malori, amezeeka barabarani kati ya Tunduma na Zambia. Akaniambia, "Ile bendi yako ya herufi na namba inapiga Johannesburg mwezi wa pili." Alikuwa ameliona bango. Jina lile aliliona kwenye kaseti yangu mwaka 1988, na miaka 22 hakulisahau.

Tulikwenda kwa mabasi. Mwanza hadi Mbeya, Tunduma, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge, na siku ya sita jioni tukaingia Johannesburg. Safari sitaisimulia, safari ni vumbi na mihuri. Nitasema tu kwamba kaka alijua kila mpaka, alijua hata mama ntilie wa Chirundu yupi anapika ugali unaoshika, na mwanamke wa Kisukuma mwenye miaka 44, umri wako huo huo mwanangu, asiyewahi kuvuka mpaka wowote, alifika salama kwa sababu yake. Tulifikia kwa Mtanzania mwenzetu mtaa wa Yeoville, na yeye ndiye aliyekuwa ametununulia tiketi, za juu kabisa, za bei ya chini kuliko zote.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 13 Februari 2011, uwanja wa FNB, pembeni mwa Soweto. Ndio ule uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia mwaka mmoja nyuma, na kwa nje umejengwa kwa umbo la kibuyu, rangi za udongo uliochomwa. Mwenyeji wetu alituambia jambo tukiwa kwenye foleni ambalo lilinifanya nisimame. Tarehe hiyo hiyo, 13 Februari, mwaka 1990, Mandela akiwa na siku mbili tu tangu atoke gerezani, aliletwa kwenye uwanja uliokuwa pale pale kuhutubia umati. Miaka 21 kamili. Mwenyeji wetu mwenyewe alikuwepo siku ile, amebebwa mabegani na baba yake.

Watu waliohesabiwa usiku ule ni 94,232. Wewe unaijua CCM Kirumba inavyokuwa Simba au Yanga wakija, watu wamejaa hadi juu ya mawe ya jirani. Kirumba ikijaa ni kama watu 35,000. Basi weka Kirumba moja, weka ya pili, na ya tatu uikaribie kuijaza, wote waangalie mahali pamoja.

Na pale katikati kulisimama kitu. Jukwaa lenyewe lilikuwa la duara, watu wamelizunguka pande zote, na juu yake wamesimamisha chuma chenye miguu minne, urefu wa kama mita 50, kama kaa mkubwa aliyesimama juu ya vidole. Wenyewe walikiita Ukucha. Katikati kimening'inia kioo cha picha, nacho cha duara, kinachoweza kunyooka kushuka chini kama wavu wa kutupa unavyofunguka. Kaka yangu kwa nusu saa nzima hakuuliza habari ya muziki. Aliuliza chuma kile kinabebwaje. Mwenyeji wetu alikuwa na jibu: wanavyo vitatu vinavyofanana. Kimoja kinatumika, kingine kinafunguliwa mji walikotoka, cha tatu kiko njiani kwenda mji unaofuata, kwa sababu kukisimamisha ni kazi ya siku kadhaa. Kaka akatikisa kichwa polepole. Kwa mara ya kwanza katika safari ile nilimwona anaiheshimu bendi yangu.

Sasa nakujibu swali lako. Hapana, hawakupiga kama kwenye kaseti.

Walipoingia walikuwa wadogo kama njiti za kiberiti. Wanne, wale wale waliopiga kwenye albamu yao ya kwanza ya mwaka 1980, na kutoka kule juu nilikuwa naweza kuwafunika wote kwa kidole gumba. Sauti ya kwanza ya ngoma ilinifika tumboni kabla sijaisikia kwa masikio, hivyo ndivyo nilivyohisi. Kisha nikagundua jambo lililonisumbua: mikono ya mpiga ngoma kwenye kioo na mlio wake havikulingana. Nadhani wewe wa Mwaloni utalielewa hili upesi kuliko mtu wa bara. Umewahi kumtazama fundi wa mitumbwi ng'ambo ya ghuba akipigilia msumari? Unaona nyundo imeshuka, na mlio unakufikia nyundo ikiwa imeshapanda tena. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukikaa mita 120 kutoka jukwaani, unasikia kitu kilichopigwa theluthi moja ya sekunde iliyopita. Kwenye kaseti huwezi kupata hilo, kwa kuwa kaseti haina umbali. Nilikaa nimekasirika kwa wimbo mmoja na nusu, halafu nikaacha kuangalia kioo. Nikaangalia watu. Walio chini karibu na jukwaa waliruka kwanza, wa katikati wakafuata, kisha sisi, kama wimbi linavyotoka ziwani kuja ufukweni. Niliiona sauti ikitembea. Hilo sikulisoma popote kabla sijaliona.

Gitaa nalo. Yule mpiga gitaa wao, anayejiita The Edge, hapigi noti nyingi. Anapiga chache na kuna kifaa kinachomrudishia kila noti baada ya muda mfupi uliopimwa, naye anaingiza noti nyingine katikati ya mwangwi wa ile ya kwanza, mpaka mtu mmoja anasikika kama watatu. Tulipokuwa watoto tulicheza hivyo kwenye mawe ya Bwiru: unaita jina, jiwe linakurudishia, na mjanja ni yule anayeita jina la pili kabla la kwanza halijarudi. Kwenye redio yangu ndogo nilikuwa nasikia gitaa tu. Pale uwanjani nilisikia mawe.

Sauti ya mwimbaji, ile unayoihofia: ndiyo, kuna mahali kwenye kaseti anapanda, na usiku ule hakupanda. Aliwaachia watu. Pale ambapo mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia kilele chake, yeye alinyoosha kipaza sauti kuelekea kwetu na watu elfu tisini wakapanda badala yake. Unaweza kusema alikuwa anapumzisha koo. Yawezekana. Lakini mimi nilikuwa mmoja wa waliopanda, na kwenye kaseti yangu sikuwemo.

Wimbo wa Treni, niliosafiri siku sita kuusikia, sikuusikia. Nakwambia kweli. Gitaa lilipoanza mbali, kijana wa mbele yangu akaanza kupiga kelele kwa furaha, na hakunyamaza hadi wimbo ukaisha, na mimi machozi ya hasira yakanitoka. Haukuwa ukorofi, alikuwa amesubiri kama mimi. Lakini nilikuwa nimejiandalia kimya cha chumbani kwangu Mabatini, na kimya kile hakikuwepo.

Kisha kukaja Kwaya.

Niliutambua kwa mwendo wake, na nitakuambia ukweli, kidole changu kilisogea kutafuta kalamu ya Bic. Baadaye nilisoma kwamba wimbo ule kweli umejengwa juu ya nyimbo za injili za Wamarekani weusi, kwa hiyo sikio langu la miaka 21 halikukosea. Walipofika katikati mwimbaji akamkaribisha mtu. Mzee, mfupi, mnene kiasi, ana tarumbeta mkononi. Uwanja mzima ukalia jina lake kabla mimi sijamtambua: Hugh Masekela. Huyu aliondoka kwao Afrika Kusini mwaka 1960 akiwa kijana, akaishi ugenini miaka 30, akarudi mwaka 1990, mwaka ule ule wa Mandela. Na sasa amesimama hatua chache kutoka Soweto, akaweka tarumbeta mdomoni, akaingia ndani ya wimbo wa Waairishi kana kwamba walikuwa wamemwachia mlango wazi tangu walipoutoa mwaka 1987.

Mwanangu, nilimsikia baba. "Basi hawajafika wote." Baba alikuwa amefariki tangu 2003. Tarumbeta lile lilikuwa linaongea vile vile kama matarumbeta ya dansi yanavyoongea na mwimbaji, linamjibu, halimfuniki, linamsukuma kidogo, linamwachia. Wimbo ambao nilikuwa nimeurusha kwa kalamu kwa miaka yote ile ndio ulionisimamisha. Nilisimama na mikono kichwani.

Kaka sikio lake la kushoto limekufa. Miaka 30 ya lori, dirisha wazi, mlio wa injini na upepo. Alikaa kushoto kwangu makusudi ili sikio zima liwe upande wangu. Akaniuliza, "Wanasema nini?" Nikamwinamia nikamtafsiria kwa Kisukuma, mstari kwa mstari, kwamba mtu huyu amepanda milima, amepita mashambani, ametafuta na bado hajakipata anachokitafuta. Kaka akafikiri. Akasema, "Huyo ni dereva." Hakusema kwa utani. Machozi yalikuwa yanamshuka na yeye.

Halafu watu wakainua simu, uwanja wote, kiza kati yake. Wewe unajua ziwa linavyokuwa usiku usio na mwezi, wavuvi wa dagaa wametandaza karabai zao kuanzia hapa mpaka upeo wa macho, ukadhani kuna mji juu ya maji. Ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia kaka, "Tazama, Mwaloni." Akaelewa.

Tulirudi Yeoville usiku wa manane, na kwa masaa mawili hakuna aliyezungumza. Nyumbani Mwanza niliporudi, jambo la kwanza nililofanya ni kuusikiliza wimbo wa nne upande A, wote, bila kalamu. Hauna tarumbeta. Mimi sasa nalisikia, lakini halimo.

Kwa hiyo hofu yako ya kuharibu, iache. Kaseti yako haitaguswa, itabaki ilivyo, na huyo kijana mwenye sauti ya juu yumo humo milele. Kule utakwenda kusikia kitu kingine, na kinaweza kikakujia kupitia wimbo usioutegemea. Ila usitegemee kuusikia vizuri ule unaoutaka. Kaa karibu na mtu unayempenda, huyo mdogo wako ni sawa kabisa. Simu itoe mara moja, piga picha yako ya ushahidi, irudishe mfukoni. Na ukipata nafasi ya kuchagua, kaa usawa wa pale fundi mitambo alipoweka meza yake, kwa sababu yeye analinganisha sauti kwa masikio yake mwenyewe na pale ndipo inapokaa sawa kuliko pengine pote.

Lakini mtaji usiuguse. Hapo ninakuwa mkali. Mimi niliuza friza ya duka lililokwisha kufa, wewe biashara yako inapumua. Dagaa ukiwa na mtaji pungufu mvua zikakukuta na mzigo haujakauka, umekwisha, na hakuna bendi itakayokurudishia. Anza leo kuweka kidogo kwa kila gunia. Wakirudi, nauli ipo. Wasiporudi, utakuwa na nauli ya kumtembelea mdogo wako, na nina hakika anakusubiri kuliko anavyoisubiri bendi.

SWALI: Mama Kaseti, hujambo. Kijana wangu wa miaka 17 anapiga gitaa la besi kanisani, na spika iko nyuma ya kichwa chake. Jumapili jioni ananiambia masikio yanalia nziii mpaka alale. Wenzake wanasema atazoea. Je, ni kweli?
Mama wa watoto wawili, Sengerema

JIBU: Sijambo dada. Hatazoea. Kinachozoeleka ni kutosikia. Ule mlio ni vinyweleo vidogo sana ndani ya sikio vikilalamika, na vikifa havioti tena.

Mpe hesabu hii, vijana wanaziamini namba. Sauti ya desibeli 85, kama barabara yenye magari mengi, sikio linaivumilia kwa masaa 8. Kila ikiongezeka desibeli 3, muda unakatika nusu. Desibeli 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2, na ukifika 100, ambazo bendi ya kanisa ndani ya ukumbi wa bati inazifikia bila shida, ni dakika 15. Ibada yenu ina dakika 15? Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki kwamba wastani usivuke hizo 100.

Hamisheni spika kwanza. Iende mbele yake na chini, imwelekee magotini. Kisha anunue vizibo vya sponji vya masikioni, vile wanavyovaa mafundi wa viwandani. Unavifinya, unaviingiza, vinajaa tundu. Pamba haisaidii, msijidanganye kwa pamba. Na mlio ule ukiendelea hadi asubuhi ya pili, mpeleke kwa daktari wa masikio, msisubiri Jumapili nyingine. Kaka yangu alisubiri miaka 30.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na wenzangu watatu hapa Magu tumeanzisha bendi ya rock. Wazee wa kanisa wanasema huo ni muziki wa shetani, na wajomba wanasema ni muziki wa wazungu. Tuwajibu nini?
Wapiga magitaa wanne, Magu

JIBU: Marahaba wanangu. Msiwajibu kwa ukali, wasimulieni habari za mama mmoja.

Alizaliwa mwaka 1915 huko Arkansas, Marekani, mtoto wa mwinjilisti mwanamke, na tangu mdogo alizunguka na mama yake akiimba na kupiga gitaa kanisani. Jina lake Sister Rosetta Tharpe. Alipopata gitaa la umeme aliimba injili kwa mikwaruzo na mwendo ambao miaka kadhaa baadaye vijana waliuita rock and roll. Chuck Berry na Little Richard, wote weusi, wamepita njia aliyoilima yeye. Mwaka 1964 alipiga kwenye kituo cha treni kilichoachwa huko Manchester, Uingereza, mvua imenyesha, yeye na koti lake, gitaa begani. Picha zake zipo, watafutieni wazee muangalie pamoja. Mimi nimewahi kumwonyesha mchungaji wangu, na alichoniomba ni nimrudishie mwanzo.

Kwa wajomba, waulizeni wanamkumbuka Patrick Balisidya na Afro 70 yake? Hao ndio waliotuwakilisha Lagos mwaka 1977 kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC. Msikilizeni gitaa lake, kisha mwambieni mjomba aoneshe mpaka wa dansi na rock uko wapi. Na majirani zetu wa Zambia miaka hiyo hiyo ya 70 walikuwa na rock yao kabisa, magitaa yenye mikwaruzo na nyimbo za Kiingereza na za lugha zao. Bendi ya WITCH, na mwimbaji wao Jagari, ndiyo ya kuanza nayo.

Ninyi imbeni kwa Kiswahili au Kisukuma, na mkipata mpuliza tarumbeta, msimwache.

SWALI: Ile kaseti ya TDK bado inalia?
Msichana wa kidato cha nne, Nyakato

JIBU: Inalia, mwanangu. Hewa ya ziwa iliitia ukungu mwaka juzi na kile kisponji kinachousukuma utepe kikadondoka. Nilikata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo nikakibandika kwa gundi, utepe nikaufuta kwa kitambaa kikavu taratibu, sehemu ndefu, kazi ya mchana mzima. Utepe umemezwa na redio mahali pawili, nimeunga. Pande zote mbili zinaruka kidogo hapo, lakini wimbo wa nne wa upande A umo mzima.

Redio ninayo. Njoo Jumamosi na wenzako, mniletee betri kubwa nne.